Pikapu mzee ikienda kempingi: vua kwanza, ndio ufunge

Hii ni ya mtu mwenye Hilux ya dizeli ya miaka ya 90, zile za springi za vyuma bapa mbele na nyuma, si za koili, au gari yoyote ya ukoo huo, na haswa kama uliinunua ikiwa imeshafanyiwa mambo na mwenye wa kwanza. Yangu niliipata hapa Nakuru ikiwa imeinuliwa inchi tatu, bampa ya chuma imechomelewa, kerya juu nzito kama mlango wa duka, taa nne mbele ya rediyeta, na mimi nikaona sasa kilichobaki ni hema tu na kuchagua weekendi. Kumbe kazi kubwa ilikuwa ya kutoa.

Nianze na breki juu hapo ndipo nilishtuka zaidi. Fundi wangu aliingia chini na tochi ya simu, akakaa kimya muda mrefu hivi, halafu akaniita, "Mzee, kuja uone hii kitu." Kulikuwa na kifimbo chembamba cha chuma, kimetoka kwa difu ya nyuma (ile ekseli nzito katikati ya magurudumu) kikapanda mpaka kwa valvu ndogo imefungwa kwa chasi. Hicho kifimbo kazi yake ni kuambia valvu gari imebeba au haijabeba. Ukiweka mzigo, bodi inashuka karibu na difu, kifimbo kinasukumwa juu, valvu inafungua na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu kifimbo kiko chini na valvu inapunguza, ndio magurudumu ya nyuma yasishike mapema ukateleza. Sasa mtu akiinua gari inchi tatu na asiguse hicho kifimbo, kinabaki kimevutwa chini siku zote, valvu inaamini gari ni tupu hata kama umepakia nusu tani, na unashuka mteremko karibu na breki za mbele peke yake. Dawa yake haikuwa ya maana sana, kipande cha chuma cha kuinua pale kifimbo kinaposhikia kwa difu, kiasi kile kile gari ilichoinuliwa, halafu kublidi breki zote (yaani kutoa hewa) na kujaribu mahali hakuna watu. Hiyo gari ilikuwa imeendeshwa hivyo miaka, na ukijua barabara ya Salgaa na Sachangwan, ile ya miteremko na ajali nyingi, utaelewa kwa nini sikulala vizuri usiku huo.

Ukiwa bado hapo chini, piga jeki kwa chasi, si kwa difu, mpaka tairi zining'inie, halafu angalia hozi za mpira za breki. Kama zimenyooka kama kamba ya nguo ni fupi, tafuta ndefu. Mafuta ya breki nayo mwaga uweke mapya kama hujui yaliwekwa lini, juu yanavuta unyevu kutoka hewani, na yakishavuta yanachemka mapema ukiwa kwa mteremko mrefu, hapo pedali inaenda mpaka sakafuni na hakuna kitu inafanya.

Injini. Kama ni 2L au 3L (hayo ni majina ya injini, si lita) kuna taimingi belti, na kiwango chake ni kilomita 100,000. Kuna taa kwa dashibodi imeandikwa T-BELT, inawaka ikifika hapo. Isipowaka usifurahi, inaweza kuwa balbu imeungua ama mtu aliichomoa, na usiamini hesabu ya kilomita ya gari ya umri huu, wewe badilisha tu uandike tarehe kwa karatasi ubandike ndani ya boneti. Belti ikikatika ukiwa njiani hiyo safari imeisha na pengine injini pia.

Halafu moto. Hizi injini hazipendi kupata moto, silinda hedi inapasuka, na njia zetu za huku ni za kupanda na kushuka. Ukitoka Kabarnet unashuka mpaka daraja la Kerio pale Cheploch, kule vijana wanaruka majini kutoka kwa mawe, halafu unaanza kupanda Tambach kwenda Iten, zaidi ya mita elfu moja kwenda juu, na jua la bondeni liko nyuma yako. Iten iko karibu mita 2,400 na maji ya sufuria yanachemka kwa digrii kama 92 tu, ndio maana kifuniko cha rediyeta ni muhimu hivyo, kinaweka presha ndio maji yasichemke mapema. Springi ya hicho kifuniko ikichoka unapoteza maji na hujui yameenda wapi. Nunua kipya. Weka kulanti, si maji ya mfereji. Fani nayo ina klachi yake, zima injini ikiwa moto kabisa kisha zungusha fani kwa mkono (injini imezimwa, tafadhali!), ikizunguka rahisi kama feni ya dari klachi imekufa, inatakiwa ikupe ubishi kidogo. Na zile taa nne zangu mbele ya rediyeta nilitoa tatu. Zilikuwa zinazuia upepo, na hata hivyo usiku sisafiri. Siku mshale wa joto ukipanda katikati ya mlima na huna pa kusimama, washa hita ya ndani mpaka mwisho na ufungue madirisha, mtatokwa na jasho lakini hita ni rediyeta ndogo ya pili.

Sasa uzito, na hapa wasee wengi hawataki kusikia. Kabla hujanunua kitu kingine chochote pakia gari kama unasafiri kesho, maji, mafuta, gesi, hema, kila kitu, uende kwa mizani. Huku Nakuru viwanda vya unga na vya chakula cha mifugo vina mizani ya malori, ukienda saa ambayo hakuna foleni ukaomba vizuri watakupimia kwa pesa kidogo. Pima gari yote, halafu pima ekseli ya nyuma peke yake. Yangu ilisoma kilo 2,610 na sisi wanne bado tuko nje tunaangalia. Linganisha na uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwa kibati cha gari ama kwa logbuku. Pikapu za hivi zinabeba karibu tani moja hivi, lakini hiyo tani inahesabu watu, bampa, kerya, kila chuma iliongezwa baada ya kiwandani.

Ndio nikaanza kuvua. Kerya ilikuwa kilo 80 na zaidi, ikaenda. Makabati ya mbao nyuma yalikuwa mazuri ya kupiga picha, nayo yakaenda, nikaweka makreti ya plastiki. Winchi mota yake ilikuwa imekufa na bado ilikuwa imening'inia mbele na waya wake wote, nikauza kama chuma. Mtu atauliza, sasa ukikwama? Trans Nzoia na Uasin Gishu trekta ni nyingi kuliko winchi, na mwenye trekta anafika na chai ameshakunywa. Beba kamba nzuri ya kuvuta, shakeli mbili zilizoandikwa uzito, koleo, na uhakikishe gari ina mahali imara pa kufunga, bolti zimeingia kwa chasi. Kamwe usifunge kamba kwa ule mpira wa chuma wa kuvutia trela, ukikatika unaruka kama risasi.

Najua kuna fundi atakwambia ongeza springi mbili nyuma, tatizo liishe. Haliishi, linahama. Gari inakuwa ngumu, uzito haujapungua, na mgongo wa chasi ndio unalipa. Hizi dabo kebini hupinda au kupasuka chasi nyuma ya kebini, juu mzigo mwingi unakaa nyuma ya ekseli. Chukua brashi ya waya na tochi, safisha hapo na pale shoku za nyuma zinaposhikia, utafute mstari mwembamba wa kutu. Ukiuona usisafiri. Mzigo mzito, yaani maji na betri na vyombo vya ufundi, panga chini kabisa na mbele ya ekseli ya nyuma, ukiegemea kebini. Jerikeni ya maji ya lita 20 ni kilo 20, ukibeba nne umebeba mtu mzima mnene. Juu weka vitu vyepesi tu, mikeka na godoro.

Tairi, haraka. Soma tarakimu nne za mwisho kwa ile alama ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na manyoya mazuri na mpira umekauka, angalia nyufa ubavuni. Spea iwe saizi moja na zingine, yangu ilikuwa ndogo, yaani aliyeinua gari aliweka tairi kubwa nne akasahau ya tano. Beba geji na kompresa ndogo. Lami na mzigo mimi natumia presha ya psi 35 mbele na 40 nyuma, kwa mchanga nashusha mpaka 18 na naenda polepole, nikirudi lami najaza kabla ya kukimbia, si baada.

Umeme ulikuwa aibu. Waya za taa zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa seloteipu, zimetoka moja kwa moja kwa betri bila fyuzi hata moja, zinapita karibu na ekzosi. Hapo ndipo gari huungua. Nilikata zote. Kila waya inayotoka kwa betri iwe na fyuzi yake karibu na betri, umbali wa shubiri moja hivi, ndio ikigusa chuma fyuzi iungue badala ya gari. Friji mimi sina na sijuti, nyama nanunua njiani na maziwa ya mala hayana shida. Ukitaka friji, weka betri ya pili na relei ya kuzitenganisha, ndio ile ya kuwasha injini isimalizwe usiku. Mita ikisoma volti 12.6 asubuhi betri imejaa, 12.2 ni kama nusu, na betri ya asidi ukiishusha chini ya hapo kila siku unaiua.

Makaratasi usiyasahau, kama rangi au bodi ilibadilishwa logbuku ya NTSA iseme hivyo, na mwambie mwenye insuransi gari imefanyiwa nini kabla hajajua mwenyewe siku ya ajali. Laifseva mbili, fasti edi, kizima moto. Mtungi wa gesi usimame wima huko nyuma, usiwahi kuingia kebini na watoto.

Kabla ya safari yenyewe lala nyumbani kwa kompaundi usiku mmoja, na pika hapo hapo. Sisi tulijaribu tukagundua kiberiti hakuna, hema linavuja kwa zipu, na binti yangu akauliza mbona tusiingie tu ndani tulale. Baadaye usiku mmoja karibu, halafu ndio uende mbali. Ziwa Baringo ni joto na mbu, beba neti, na usipige hema karibu na maji juu viboko hutoka usiku kula nyasi. Mlima Elgon ni kinyume, baridi inaingia mpaka kwa mifupa, beba blanketi za kweli, na ada ya parki unalipia kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla ya kufika, usisubiri netiwaki ya getini. Bonde la Kerio na kaskazini ya Baringo kumekuwa na taabu za usalama, ulizia kwa polisi au kwa chifu kabla ya kulala popote, na wakikuambia endelea mbele, endelea mbele.

Siku ya kwanza usiende mbali. Nakuru hadi Marigat ni kama kilomita 100 na unashuka joto likipanda, ni jaribio zuri. Ukifika simama kivulini, gusa kila habu kwa kiganja, inayochoma kuliko zingine ina beringi au breki inashika. Kaza tena nati za tairi na za yubolti za springi, hasa kama zilifunguliwa juzi, juu zinaweza kuwa zimelegea kidogo. Ukimaliza nunua tikiti maji hapo kando ya barabara, ni tamu na ni bei poa, lakini moja tu, umeshaona mizani.