Kuchora Picha ya Rangi za Mafuta Studioni, Kuanzia Mchoro Mdogo hadi Vanishi

Picha nyingi za rangi za mafuta huharibika si kwa sababu mkono wa mchoraji ni dhaifu, bali kwa sababu maamuzi yote yameachwa yakutane juu ya turubai kwa wakati mmoja: mpangilio, mwanga na giza, rangi, na kingo za maumbo. Utaratibu unaoelezwa hapa huyatenganisha maamuzi hayo, ili kila hatua iwe na swali lake na swali hilo lipate jibu kabla ya hatua inayofuata.

Anza na mwanga wa chumba. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja ndilo bora, yaani linaloelekea kaskazini kwa walio mbali kaskazini mwa ikweta, na linaloelekea kusini kwa walio mbali kusini mwake. Ukitumia taa, chagua zenye mwanga mweupe wa takriban kelvini 5000, na uhakikishe kwamba turubai na ubao wa kuchanganyia rangi vinaangazwa na mwanga uleule, kwa maana rangi iliyochanganywa chini ya taa ya njano hubadilika sura inapofika mchana.

Hatua inayostahili muda mwingi kuliko wengi wanavyoipa ni michoro midogo ya majaribio. Chora kwa mkaa au penseli, kila mchoro usizidi ukubwa wa kiganja, na ujizuie kutumia viwango vitatu tu: cheupe, kijivu na cheusi. Fumba macho nusu unapokitazama unachokichora, kwa kuwa vitu vidogo vidogo hupotea na hubaki makundi makubwa ya mwanga na kivuli, ambayo ndiyo yanayoibeba picha. Fanya michoro kadhaa inayotofautiana kweli, usogeze mstari wa upeo, ukate sehemu, ubadilishe upande wa kivuli, kisha uipange ukutani na uitazame ukiwa mbali. Mchoro usiosomeka kutoka upande wa pili wa chumba hautaokolewa na rangi yoyote. Mchoraji Pablo Picasso alichora michoro mingi ya maandalizi ya picha yake kubwa, Guernica, mwaka 1937, na hata hivyo picha za kamera ambazo mpiga picha Dora Maar alimpigia kazi ikiendelea zinaonyesha maumbo yakihamishwa na kufutwa juu ya turubai yenyewe. Maandalizi hayamfungi mchoraji. Humpa mahali pa kusimama anapotaka kubadili mawazo.

Turubai ipakwe tabaka mbili au tatu za jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia turubai, kila moja ikisuguliwa kwa msasa laini baada ya kukauka, kisha ipewe rangi nyembamba ya udongo ili weupe mkali usikudanganye katika kupima mwanga. Hamisha mchoro uliouchagua kwa kugawa mchoro na turubai katika miraba yenye idadi sawa.

Sasa jenga picha yote kwa rangi moja ya kahawia iliyolainishwa kwa tapentaini kidogo, madirisha yakiwa wazi. Hapa ndipo kanuni kuu ya rangi za mafuta inapoanza kutumika: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, na za juu ziwe na mafuta mengi zaidi. Mafuta ya kitani, ambayo kwa kawaida ndiyo yaliyomo katika rangi hizi, hayakauki kama maji yanavyokauka. Hufyonza oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Tabaka la juu lenye mafuta machache likikaza upesi ilhali la chini bado linasogea, picha hupasuka, pengine baada ya miaka. Rangi za kahawia za udongo zinafaa kuwekwa chini pia kwa sababu kwa kawaida hukauka haraka, tofauti na rangi nyeusi itengenezwayo kwa mifupa iliyochomwa, ambayo huchelewa.

Unapofika kwenye rangi kamili, changanya kwa kisu kabla ya kushika brashi, na uwe na rangi chache. Nyekundu, njano, buluu, nyeupe na kahawia moja zinatosha kwa kazi kubwa. Weka mapema sehemu iliyo giza kuliko zote na iliyo angavu kuliko zote, kisha upime kila rangi kwa kuilinganisha na jirani zake. Kingo ziache mwisho: kali pale jicho linapotakiwa kutua, laini kwingineko.

Rudi nyuma mara kwa mara, na uitazame kazi kwenye kioo, kwa sababu sura iliyogeuzwa hufichua upogo ambao jicho limeuzoea. Ukikwama, igeuzie ukutani kwa siku kadhaa, nawe uendelee na nyingine.

Matambara yenye mafuta ya kitani yanaweza kujiwasha moto yakirundikwa, kwa hiyo kila jioni yaweke kwenye chombo cha chuma chenye maji na mfuniko. Vanishi ya kawaida isubiri miezi sita hadi kumi na miwili baada ya picha kukamilika. Kabla ya kuipaka, gusa pembe ya picha kwa kitambaa cheupe kilicholowa tapentaini kidogo, na kama rangi inahamia kwenye kitambaa, endelea kusubiri.