Zipu Imegoma? Anza na Saizi: Kubana na Kufungua Mafaili Bila Kupoteza Kazi

Kaa kwenye steshenari yoyote ya Mwenge, Sinza au Msewe jijini Dar es Salaam, hasa wiki ambayo wanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wanakusanya kazi, hutamaliza saa nzima bila kusikia: "Kaka, hii zipu imegoma." Zipu ni kifurushi, yaani faili moja linalobeba mafaili mengine yaliyobanwa, na mara nyingi haijagoma. Imefika nusu, au imebeba kitu kingine ndani, au haikuwa zipu tangu mwanzo. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kutengeneza kompyuta, na mteja akinipa flashi natazama saizi ya faili kabla ya kugusa programu yoyote. Wewe pia anzia hapo, utaokoa muda na bando.

Nitaeleza kwa Windows kwa sababu ndiyo iliyojaa mitaani kwetu.

Programu ya kutumia

Windows inafungua .zip yenyewe bila kuongezewa kitu. Windows 11 iliyosasishwa tangu mwishoni mwa 2023 inafungua pia .rar na .7z, ambazo ni aina nyingine za vifurushi. Kwa kompyuta zenye Windows 10 au 7, weka 7-Zip. Ni ya bure moja kwa moja, iliandikwa na Igor Pavlov, ipo tangu 1999, na faili lake la kusakinisha halifiki hata MB 2. Ipakue kwenye 7-zip.org tu, usifuate tangazo lililokaa juu ya matokeo ya utafutaji.

WinRAR nayo ni nzuri. Ukitaka kutengeneza .rar utaihitaji, kwa kuwa 7-Zip inaifungua .rar lakini haiitengenezi. Baada ya siku 40 za majaribio itakukumbusha kulipia kila ukiifungua. Zile za "imeshakrakiwa" zinazozunguka kwenye flashi achana nazo. Kwa nini ubebe virusi kukwepa malipo wakati ya bure ipo?

Jambo ambalo wengi hawalijui: programu hizi mbili hazijisasishi zenyewe. Mwaka 2023 WinRAR ilikutwa na tundu la usalama ambalo wahalifu walikuwa wakilitumia kuingiza virusi kupitia kifurushi tu, likazibwa kwenye toleo 6.23. Mwaka 2025 likaonekana jingine, likazibwa kwenye 7.13. Nenda "Help" kisha "About" uone toleo lako. Likiwa la zamani, pakua jipya ulisakinishe juu yake.

Hatua ya kwanza: jua unachobana

Bofya kulia kwenye folda, chagua "Properties", soma "Size". Halafu jiulize ndani kuna nini.

Programu ya kubana hutafuta vitu vinavyojirudia na kuviandika kwa ufupi. Maandishi matupu, CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi), picha za BMP (zisizobanwa) na kumbukumbu za mauzo ya duka zina marudio mengi, kwa hiyo hupungua sana. JPG, MP3 na MP4 zilishabanwa tangu kwenye kamera au simu. Video ya send-off yenye GB 6 ukiizipu itabaki GB 6, na ukiizipu tena juu ya zipu unachoongeza ni joto la kompyuta. Mteja akitaka video ipungue, dawa ni kuibadilisha kwa programu ya video kama HandBrake, ambako atakubali kupoteza ubora kidogo.

Tasnifu ndiyo inayosumbua zaidi. Mwanafunzi analeta Word ya MB 80, anataka izipiwe iingie kwenye barua pepe, na inatoka na MB 79. Sababu ni kwamba .docx yenyewe tayari ni zipu. Jaribu: nakili faili, ile nakala ibadilishe mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, uifungue. Ndani kuna folda ya "word", na ndani yake "media". Humo utakuta kila picha iliyobandikwa, pengine kila moja MB 6 kama ilivyotoka kwenye simu. Hizo ndizo uzito. Rudi kwenye Word, bofya picha moja, nenda "Picture Format", "Compress Pictures", ondoa tiki kwenye "Apply only to this picture", chagua 220 ppi kama kazi itachapwa au 150 kama itasomwa kwenye skrini tu. Hifadhi kwa jina jipya, kisha tazama saizi tena.

Kama picha hazipungui, kwa nini tuzizipu? Kwanza, ili picha mia mbili ziende kama faili moja. Pili, WhatsApp hupunguza ubora wa picha unayoituma kwa njia ya kawaida. Ukituma zipu kama dokumenti, picha zinafika kama zilivyo, mradi zipu isizidi GB 2.

Hatua ya pili: kubana

1. Funga mafaili yote yaliyo wazi kwenye Word na Excel. Faili lililo wazi linaweza kurukwa, na onyo lenyewe watu hulifunga bila kulisoma.

2. Bofya kulia kwenye folda, "7-Zip", "Add to archive". Kwenye Windows 11 huenda ukapitia "Show more options" kwanza.

3. Kwenye "Archive format" chagua zip kama humjui vizuri atakayepokea. Ile 7z hubana zaidi, lakini iweke kwa matumizi yako au kwa mtu mwenye 7-Zip.

4. "Compression level" iache Normal. Kwa folda la picha na video tupu chagua Store, itamaliza haraka na saizi itakuwa ileile tu. Watu wanapenda Ultra kwa sababu ya jina. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 inaweza kukwama. Dirisha lenyewe linaonyesha kiasi cha memori kitakachohitajika, kisome kabla ya kubofya OK.

5. Kama ni mishahara au nyaraka za zabuni, weka nywila, na kwenye "Encryption method" chagua AES-256. Hizi ni njia za kuficha data kwa nywila, na ile ZipCrypto ni dhaifu. Lakini zipu ya AES-256 itamshinda mtu anayetegemea Windows peke yake, kwa hiyo mwambie mapema aweke 7-Zip. Ukitumia 7z weka pia tiki kwenye "Encrypt file names", la sivyo mtu asiye na nywila ataona jina "Mishahara_Juni.xlsx" waziwazi. Nywila itume kwa njia nyingine, kwa simu kwa mfano, si kwenye barua pepe ileile. Na ukisahau nywila nzuri ya AES-256, usizunguke Kariakoo kutafuta fundi wa kuivunja. Utaliwa hela.

6. Faili likizidi kiwango cha barua pepe, ligawe. Kwenye "Split to volumes, bytes" andika 15M. Gmail inaruhusu MB 25, lakini kiambatisho huongezeka karibu theluthi kikiwa safarini na seva ya upande wa pili huenda ina kiwango chake. Vitatoka vipande vya .001, .002 na kuendelea. Mpokeaji aviweke vyote kwenye folda moja na afungue cha .001 peke yake. Kikikosekana kimoja, kazi imekwama.

7. Bofya kulia kwenye kifurushi, "7-Zip", "Test archive". Usifute folda la asili kabla ya kuona kwamba hakuna kosa. Umeme ukikatika katikati ya kubana, kifurushi kilichobaki kifute, anza upya.

Flashi yenye nafasi inayokataa faili

Flashi ni ya GB 32, iko tupu, unaweka faili la GB 5, inakuambia faili ni kubwa mno. Flashi si mbovu. Imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja la kufika GB 4. Ama gawa faili kwa 4000M, ama iandae flashi upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho. Kuiandaa upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo toa vilivyomo kwanza. Ukimaliza kunakili, bofya "Eject" kabla ya kuchomoa. Vifurushi vingi vinavyoletwa vimekufa viliuawa na mkono wenye haraka ya daladala.

Zipu haifunguki: fuata hivi

Mpigie aliyeituma, kila mmoja afungue "Properties" asome idadi ya baiti hadi tarakimu ya mwisho. Zikitofautiana, usihangaike na programu yoyote ya kutengeneza. Ujumbe wa "Unexpected end of data" maana yake ndiyo hiyo: faili limekatika, pengine bando liliisha au mtandao uliruka. Pakua upya.

Kama ulitegemea MB 40 na umepata KB chache, bofya kulia, lifungue kwa Notepad. Utaona takataka nyingi, wewe tazama herufi za mwanzo tu. Zipu huanza na PK, herufi za Phil Katz aliyeanzisha muundo huo 1989. RAR huanza na "Rar!", na 7z huanza na "7z". Ukikuta "<!DOCTYPE html>", hujapakua kifurushi. Umepakua ukurasa wa tovuti, mara nyingi ule wa kukutaka uingie kwenye akaunti au kukubali masharti ya wifi. Ingia kwanza, kisha pakua tena.

Zipu inafunguka lakini vilivyomo vyote ni KB 1 au 2 na vina kimshale pembeni? Hicho ni kirusi cha shortcut, mgeni wa kila siku kwenye flashi za mjini. Aliyezipu alizipu njia za mkato, mafaili halisi yamefichwa kwenye flashi yake. Usibofye chochote humo. Chomeka ile flashi ya asili, ipitishe kwenye antivirusi, kisha fungua Command Prompt uandike, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yakionekana, yanakili kwenye diski na uyazipu upya.

"CRC failed" ni kesi nyingine: saizi inaweza kuwa sawa lakini data ndani imebadilika. Nakili tena kupitia tundu lingine la USB, kisha linganisha SHA-256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) ya pande mbili kupitia menyu ya "CRC SHA" ya 7-Zip. Kama asili haipo tena, okoa unachoweza. Kwenye zip kila faili limebanwa peke yake, kwa hiyo mazima yatatoka. Kwenye 7z mafaili hubanwa kwa pamoja, na palipoharibika hubomoka na vinavyofuata. Hapa ndipo WinRAR inapoizidi 7-Zip: ukiweka tiki kwenye "Add recovery record" wakati wa kubana, uharibifu mdogo unatengenezeka baadaye.

Kosa la njia ndefu, lenye 0x80010135, linatokana na Windows kukataa njia ya faili, yaani majina ya folda zote pamoja na la faili, inapozidi herufi 260. Fungulia kwenye C:\A kwa kutumia 7-Zip. Nywila ikikataliwa, kagua nafasi tupu iliyokuja mwishoni uliponakili kutoka WhatsApp, na herufi ya kwanza ambayo simu huipandisha kuwa kubwa yenyewe. Folda la "__MACOSX" linatoka kwa mtumiaji wa Mac, lifute tu. Kwenye Android tumia ZArchiver. Inafungua zote tatu: zip, rar na 7z.

Umehariri ndani ya zipu na kazi imepotea

Ukibofya mara mbili dokumenti iliyo ndani ya zipu, Windows huifungulia kwenye folda ya muda. Unaandika, unahifadhi, na zipu yako haijaguswa. Toa kwanza kwa "Extract", ndipo uandike.

Kama imeshatokea, usizime kompyuta. Bonyeza Windows na R, andika %temp%, panga kwa tarehe, tafuta folda yenye jina la zipu yako, ambayo mara nyingi huanza na "Temp1_". Kama ulifungulia kwa 7-Zip, tafuta inayoanza na "7zO", na usifunge dirisha la 7-Zip kwa sababu likifungwa folda hiyo hufutwa. Usipoipata, fungua Word, "File", "Info", "Manage Document", "Recover Unsaved Documents", utafute humo.