Kusoma simu ya siri ya konseli: mfano wa Honolulu, 1941

Wanafunzi wangu wa historia wakipewa simu ya siri, yaani telegramu iliyoandikwa kwa mafumbo, huanza kuuliza fumbo lilivunjwaje. Mimi huwapa penseli kwanza. Tutumie simu ya Tokyo kwa Nagao Kita, konseli mkuu wa Japani mjini Honolulu.

Hatua ya 1: andika tarehe mbili. Ilitumwa 24 Septemba 1941; tafsiri ya Wamarekani ikawa tayari 9 Oktoba. Siku 15! Iliandikwa kwa J-19, fumbo la makonseli, na wafasiri wachache waliokuwapo walishughulikia kwanza simu za mabalozi.

Hatua ya 2: chora bandari. Usiiruke hii. Tokyo waliigawa Pearl Harbor, bandari ya manowari za Marekani karibu na Honolulu, maeneo matano, A hadi E: A ni maji kati ya Kisiwa cha Ford na ghala la silaha, C ni East Loch, D ni Middle Loch. Walitaka waambiwe manowari zipi zimetia nanga, zipi zimefungwa gatini au kwenye maboya, zipi ziko gudini. Tena, ikiwezekana, watajiwe zile zilizofungwa mbili au zaidi ubavu kwa ubavu kwenye gati moja. Hapo simamisha penseli. Anayehesabu meli tu, ubavu kwa ubavu unamhusu nini? Ila ukikumbuka kwamba meli ya nje humkinga ya ndani na torpedo, swali linabadilika sura.

Hatua ya 3: tafuta vifupisho vya ndani. Tarehe 29 Septemba Kita alijibu kwa orodha yake: KS ni gudi la matengenezo, KT gati la jeshi la majini, FV maegesho karibu na Kisiwa cha Ford, FG ubavuni mwa kisiwa chenyewe. Bila orodha hiyo, hata ukishalifungua J-19 bado umeshika herufi tupu.

Hatua ya 4: uliza nani aliona. Konseli alitia jina tu. Macho yalikuwa ya Takeo Yoshikawa, mwanamaji aliyeandikishwa kwenye ofisi ya konseli kama karani Tadashi Morimura, akichungulia bandari kutoka nyumba ya chai mlimani.

Hatua ya 5: funika kwa kiganja tarehe 7 Desemba, siku Japani iliposhambulia Pearl Harbor. Soma kama ofisa wa Oktoba, aliyezoea kuona makonseli wa miji mingine nao wakiulizwa habari za meli. Andika pembeni angedhani nini.

Zoezi: tarehe 15 Novemba Kita aliambiwa aripoti mara mbili kwa wiki, siku zisizotabirika. Tafsiri ilitoka 3 Desemba. Rudi hatua ya 1.