Mpe mtoto jozi ya njiwa wa rangi mbili

Mimi ni fundi baiskeli hapa Wete, Pemba. Watoto hunijia na mipira iliyotoboka, na wengi wao shingoni wamening'iniza manati. Juzi mzazi mmoja akaniuliza mwanawe afanywe nini hata awapende ndege badala ya kuwapopoa. Nikamwambia mtaji anao tayari. Mtoto wa manati anajua ninga wako kwenye mti gani, anajua tetere hushuka saa ngapi kunywa maji, anajua kunyata. Anachokosa ni sababu ya kukaa kimya nusu saa bila kurusha jiwe.

Sababu hiyo mimi naitafuta kwa njiwa manga. Sisemi chiriku wa tunduni. Ndege wa porini aliyenaswa kwa urimbo ukamtia tunduni atamfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba ndege hufa. Njiwa anatoka, anazunguka, anarudi mwenyewe.

Unaponunua jozi, usihangaike na uzuri. Tafuta wawili wasiofanana kabisa. Wangu mmoja ni wa kijivu, mwenziwe mweupe mwenye madoa ya hudhurungi. Muulize muuzaji kama wamekwishaoana, au kaa uwatazame: dume huvimbisha shingo, akazunguka huku akinguruma na kuburura mkia. Rangi mbili ndiyo siri ya kazi yote, nitakueleza kwa nini.

Banda si lazima liwe la fundi seremala. Mimi nilichukua sanduku la mbao, nikaligawa vyumba viwili, kila kimoja kama dhiraa moja kwa upande, nikaliinua juu ya nguzo kwa ajili ya paka na panya. Nguzo nikaipaka grisi ile ile ya minyororo. Siafu wakipanda usiku hawabakishi kinda. Grisi ikikauka au ikijaa vumbi, paka upya.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa haraka. Niliwafungia siku mbili, nikaona wamezoea, nikafungua. Walizunguka mara moja juu ya minazi wakaenda zao Limbani, kwa yule yule aliyeniuzia. Mpwa wangu wa miaka tisa alilia, nami nikarudi na pakacha mkononi kuomba njiwa niliokwisha kuwalipia. Basi wafunge wiki nne, nawe weka wavu mbele ili waone paa, uwanja na mti wa jirani. Bora zaidi ni kungoja mpaka wawe na mayai au makinda, maana mwenye mtoto hasahau nyumba.

Sasa kazi ya mtoto. Mpe daftari moja na kikombe kimoja cha kahawa. Kikombe ni kipimo cha chakula kwa jozi nzima: kimoja asubuhi, kimoja jioni, mchanganyiko wa mtama, chenga za mchele, mahindi ya kuparaza na choroko kidogo. Pembeni weka makombe ya pwani yaliyopondwapondwa pamoja na changarawe, kwa sababu njiwa hana meno na firigisi lake linahitaji vijiwe. Maji yabadilishwe kila siku. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa banda, na kinyesi kisifagiliwe kikavu kikatimua vumbi. Kinyunyizie maji kwanza. Ukiwa na kuku uani, wapigie chanjo ya mdondo, ugonjwa unaowapata kuku na njiwa pia, yale matone ya jicho, kila baada ya miezi mitatu. Mtoto akiambiwa ahesabu siku, hatasahau kamwe.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Mtoto anauliza, tunajibu, swali linakufa. Wapwa zangu waliponunuliwa njiwa wao, nilimwaga chini ya banda chelewa zilizokatwa urefu wa shibiri. Sikusema za nini. Siku ya pili yule mdogo akaja mbio kibandani, mimi nina gurudumu mapajani.

"Mjomba, yule wa kijivu anaiba chelewa!"

"Anazipeleka wapi?"

Akarudi kutazama. Ikamchukua asubuhi nzima kuona kwamba dume huleta chelewa moja moja, humpandia mkewe mgongoni au humsogelea ubavuni na kumkabidhi, naye jike ndiye anayeipanga chini ya kifua. Dume hajengi. Dada yangu anasema kwa hilo hakuona ajabu. Yeye alichokiona ni kwamba chelewa zangu zilipokwisha, watoto waliunyonyoa ufagio wake.

Njiwa hutaga mayai mawili, la pili likifuata siku moja na nusu hadi mbili baada ya la kwanza. Hapo rangi mbili zinaanza kulipa. Mwambie mtoto achungulie mara tatu kwa siku, kwa saa ambazo tayari anazijua: kabla ya kwenda chuo cha Kurani asubuhi, akirudi skuli baada ya adhuhuri, na karibu na magharibi. Aandike rangi tu. Ukurasa wa mpwa wangu ulisomeka hivi: nyeupe, kijivu, nyeupe, nyeupe, kijivu, nyeupe. Siku ya sita akaniletea daftari bila kusema neno, akaweka kidole kwenye ule mstari wa katikati. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba baba hulalia mchana na mama hulalia usiku kucha. Ningemwambia siku ya kwanza, angesema "aa" na kwenda kucheza mpira.

Karibu siku hiyo hiyo unaweza kupima yai. Giza likiingia, chukua tochi ndogo, bana yai kwenye duara la kidole gumba na cha shahada, mwanga utoke nyuma. Yai lenye uhai lina mishipa myekundu kama mizizi ya mchicha, na kidoa katikati kinachochezacheza. Lisilo na kitu ni jeupe tupu. Fanya mara moja, haraka, urudishe. Watoto watataka kila usiku, kataa.

Siku ya 18 hivi makinda hutoka, na nakuonya kwamba ni wabaya wa sura: vipofu, manyoya machache ya njano, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Mpwa wangu wa kike alisema "ni wagonjwa". Siku za mwanzo hawali nafaka. Baba na mama wote wawili hutengeneza goleni, kile kifuko cha chakula cha shingoni, chakula cheupe kama jibini laini, nalo kinda hutia mdomo ndani ya mdomo wa mzazi kukinywa. Kwa hiyo katika wiki hiyo usimwondoe mzazi yeyote. Baada ya mwezi mmoja hivi wanaruka.

Mtoto aliyezoea kungojea njiwa sasa yuko tayari kwa ndege asiye wake. Hapo mpeleke Msitu wa Ngezi, au hata kwenye mikarafuu ya nyuma ya nyumba. Mwambie Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Wangu waliandika kwenye orodha na popo wa Kidike, awe wa tano. Sikumfuta. Niliwauliza tu kama wamewahi kuona yai lake.

Bundi ndiye mgumu, kwa sababu wakubwa wenyewe tunamwogopa. Akilia karibu na nyumba tunasema ni uchuro. Tulitoka baada ya isha, watatu, tukakaa juu ya jamvi la karafuu. Analia mlio mmoja mfupi, ananyamaza, analia tena. Nikawaambia wahesabu kwa vidole toka mlio hadi mlio. Mkubwa alikuwa amenishika shati tangu tunatoka. Alipofika kuhesabu mlio wa tatu aliniachia, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili.