Kupima ung'avu, rangi na umri wa nyota kongwe ukiwa Tanga

Anza na HD 140283, nyota kongwe katika kundi la Mizani. Chuma chake ni takriban sehemu 1 tu kwa 200 ya kile cha Jua, na ung'avu wake ni 7.2 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi): jicho haliioni, kamera inaiona bila shida. Mwanzoni mwa Julai hufika juu kabisa mnamo saa tatu na nusu usiku, nyuzi 6 tu kusini mwa utosi, kwa hiyo mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo iwezekanavyo. Itafute nyuzi 6 na nusu mashariki ya Beta Librae, nyota ya Mizani inayoonekana kwa macho, ukishuka kidogo kusini.

Chukua kamera inayotoa faili za RAW (picha ghafi, zisizochakatwa), lenzi ya mm 50 na stendi imara. Mota ya kufuata nyota iache nyumbani: hapa ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, na kuilenga ni kazi ngumu. Weka f/2.8, ISO 800, sekunde 5, upige picha 30. Haribu fokasi kidogo hadi nyota iwe doa la pikseli 10 hadi 15. Usiruke hatua hii. Kila pikseli ina kichujio cha rangi moja, na nyota iliyokaa kwenye pikseli mbili tatu inaweza kuangukia zaidi kwenye rangi moja, rangi unayoipima ikawa haina maana. Kisha funika lenzi upige picha 20 za giza kwa mipangilio ileile. Alfajiri, funika lenzi kwa fulana nyeupe, ielekeze angani, upige nyingine 20 za kusawazisha kingo.

Raskazone na pwani yote, adui ni umande wenye chumvi unaokuja na upepo wa bahari. Mulika lenzi kwa tochi kila robo saa. Ikiwa nyota zote zinafifia kwa pamoja, ni umande au wingu jembamba, si nyota. Usifute kwa kitambaa kikavu, chumvi itakwaruza kioo. Puliza kwanza, halafu tumia kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kwenye AstroImageJ, programu ya kupimia picha za anga, tenga chaneli ya kijani na ya bluu. Chora duara linalofunika doa lote, na pete ya nje ya kupimia mwanga wa anga. Chagua nyota tano za kulinganishia zilizo jirani, zenye rangi tofauti, kutoka Tycho-2, katalogi ya ung'avu wa nyota. Katalogi hiyo hutoa ung'avu wa bluu (BT) na wa kijani-njano (VT); ubadilishe uwe B na V, vipimo vya kawaida vya rangi hizo (B−V ndiyo rangi ya nyota), hivi: V = VT − 0.09(BT − VT), na B−V = 0.85(BT − VT). Kijani cha kamera si V kamili, hivyo chora tofauti ya vipimo vyako na katalogi dhidi ya rangi ya kila nyota. Mteremko wa mstari ndio sahihisho lako. Ukipata V karibu 7.20 na B−V karibu 0.49, umepima vizuri. Ukikosea kwa 0.05, angalia kama nyota jirani imeingia kwenye duara.

Rangi hiyo inadanganya. B−V ya Jua ni 0.65, lakini joto la nyota hii linakaribia lile la Jua. Metali hunyonya mwanga wa bluu, na zikiwa chache bluu nyingi hutoka. Ukiilinganisha na mikunjo ya umri (mistari ya rangi na ung'avu wa nyota zenye umri mmoja) ya nyota za kawaida, umri utakaosoma ni wa uongo. Tumia mikunjo ya BaSTI, mkusanyo wa modeli za nyota, yenye chuma −2.3 na oksijeni na elementi zinazofanana nayo zikiwa +0.4, kwa kipimo cha logi ambapo Jua ni 0. Kiasi cha chuma hutoka kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi) zilizochapishwa. Kamera yako haiwezi kukipima.

Umri hasa umo kwenye ung'avu halisi, yaani ule ambao nyota ingekuwa nao ikiwa umbali wa parseki 10 (parseki 1 ni takriban miaka-nuru 3.26). Paralaksi (kuyumba kidogo kwa nyota angani Dunia inapozunguka Jua, ambako hutoa umbali) iliyopimwa na darubini ya angani ya Gaia ni milisekunde za tao 16.26, yaani parseki 61.5. Toa 5 × log(61.5/10), yaani 3.94, kwenye 7.20, upate 3.26. Vumbi la njiani ni karibu sifuri. Nyota imeanza kuvimba, na hapo kosa la 0.1 kwenye ung'avu halisi hubadilisha umri kwa takriban miaka bilioni 1. Mwaka 2013 paralaksi ya Hubble ilikuwa 17.15, nyota ikaonekana karibu zaidi na hafifu zaidi, umri ukasomeka miaka bilioni 14.5, ukiwa na shaka ya bilioni 0.8 juu au chini, huku ulimwengu wote ukiwa na bilioni 13.8. Weka paralaksi zote mbili kwenye mikunjo ileile, kisha ongeza oksijeni kidogo: umri utashuka tena.