Kumbukumbu za mradi ziandikwe palepale kazini

Mwanafunzi anayefanya mradi wa vitendo shuleni, uwe wa sakiti ya umeme, wa kuotesha mbegu au wa kujenga daraja la vijiti, atafaidika zaidi akiandika kumbukumbu palepale anapofanyia kazi badala ya kusubiri kuandaa ripoti siku ya mwisho, kwa sababu ripoti ya namna hiyo hueleza kilichofanikiwa tu na kuacha njia iliyopitiwa. Katika miradi yetu nimeona kwamba maelezo yenye manufaa ni yale madogo madogo, hasa kile kilichobadilishwa kabla matokeo hayajabadilika.

Tuchukue taa nyekundu ya LED inayounganishwa na betri ya volti 9. Taa hiyo huhitaji takriban volti 2, hivyo volti 7 zilizobaki huangukia kwenye rezista, yaani kifaa kinachozuia mkondo wa umeme usizidi, na rezista ya ohm 390 huruhusu mkondo wa miliampia 18 hivi. Taa isipowaka, hakikisha kwanza kwamba mguu wake mrefu umeelekea upande chanya wa betri, kisha andika ulichoona kabla ya kugusa kitu kingine. Ukibadilisha betri, rezista na waya kwa mpigo mmoja, huenda taa ikawaka, lakini hutajua hitilafu ilikuwa wapi, na hilo ndilo swali ambalo mwalimu hupenda kuuliza. Picha za simu husaidia kuonyesha mpangilio wa waya, ila hazielezi sababu ya uamuzi. Hiyo iandikwe kwa maneno, pamoja na tarehe.