Namna ya kufukula nyimbo za zamani na kuzichanganya na za leo mu fete

Kama uko pa Lubumbashi na ni weye banaachiaka kazi ya kuweka miziki mu fete ya famii, unajua vile inaendaka: bana banataka za leo, bazee banataka zao za wakati, na ule mwenye kushika telefoni anasemwa pande zote mbili. Mi minaona shida si nyimbo, shida ni vile tunazisikilizaka. Tunawasha ya zamani, dakika moja haijaisha tunasema eh hii iko polepole, tunakata, kumbe utamu yote iko nusu ya pili. Basi hii njo namna minafanyaka, chukua yenye itakusaidia.

Mbele ya yote, jua wimbo ilitokea mu diske ya namna gani. Minajua inaonekana sawa mambo ya bazee, lakini inabadilisha kila kitu. Zile diske za 78 (zinazunguka mara 78 kwa dakika, njo maana ya hesabu hizi) upande moja ilikuwa inabeba karibu dakika tatu tu, njo maana Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz, yenye balirekodi Bruxelles mu 1960 wakati bakubwa bako mu Table Ronde, ule mukutano wa kuzungumuzia uhuru wa Congo, inaisha mbio. Kisha zikakuya zile ndogo za 45, hapo wimbo mara mingi inakatwa mara mbili, upande A banaimba, unageuza upande B sebene inawaka, ile sehemu ya magitare ya kucheza. Kisha 33 kubwa, upande moja inafika dakika makumi mbili, njo Franco wa OK Jazz akapata nafasi mu 1985 ya kutuelezea Mario, ule kijana mwenye masomo yake yote anakula tu makuta ya mama mukubwa, zaidi ya dakika kumi na hauchoki. Leo tumerudia dakika tatu juu batu banasikiliza ku telefoni na kidole iko tayari kupitisha. Kwa hiyo muzee akikuambia nyimbo za bana ziko fupi, mukumbushe diske za baba yake.

Hapa kazi yako inakuwa rahisi: ukipata wimbo ya zamani ku YouTube na inaisha paka wakati magitare inaanza kupata moto, ile si wimbo yote, ni sehemu ya kwanza. Rudia kutafuta, andika jina kisha «1 & 2» ao «pt 2». Mingi zenye tunasema zilikuwa za kulalisha bana ni juu tulisikia paka upande A.

Kutafuta sasa. Usiulize muzee jina ya wimbo, atakupa jina ingine na atakuwa na hakika kabisa. Muombe aimbe. Rekodi sauti yake mu WhatsApp, mistari mbili zinatosha, kisha andika zile maneno vile unazisikia, na kama ni Lingala tafuta mutu wa kukusahihishia spelingi. Google nayo tangu 2020 inakubali uimbe kwa mudomo tu ao upige mulunzi, inajaribu kukisia, kwa zenye zilipata jina kubwa inasaidia, kwa zetu za Katanga usitegemee sana.

Kintu yenye batu banasahauka: majina ilibadilika. Mobutu alipoleta Zaire mu 1971 na mwaka yenye ilifuata akakataza majina ya kizungu, baimbaji nao bakabadilisha. Jean-Bosco Mwenda ndiye Mwenda wa Bayeke, ni mutu moja. Rochereau ni Tabu Ley. Franco utamupata kwa Luambo Makiadi. Na miji vilevile, karatasi za wakati ile zinaandika Élisabethville na Jadotville, kama unatafuta paka «Lubumbashi» na «Likasi» utapita pembeni. Tafuta majina yote mbili kila mara.

Kisha angalia upande wa mashariki. Kwetu huku tunaangaliaka Kinshasa tu, na bazee betu mingi balienda Dar es Salaam na Nairobi. Muimbaji Baba Gaston alitoka huku, orkestre Maquis ilitoka huku ikaenda kukaa Dar, Les Mangelepa balitoka mu groupe ya Baba Gaston mu 1976 bakabaki Nairobi, na Remmy Ongala mwenyewe ni muzaliwa wa Kindu. Nyimbo zao unazipata kwa Bakenya na Batanzania, benyewe banazitunza vizuri kuliko sisi, lazima niseme ukweli. Na zingine ziko mu Swahili, kwa hiyo hata mutoto wa komini ya Kenya ama Kamalondo hapa Lubumbashi anasikia maneno bila kutafsiriwa.

Kama haujawahi kusikiliza Masanga ya Bosco, anza na ile, Hugh Tracey, muzungu mwenye alikuwa anazunguka Afrika kurekodi miziki, alimurekodi kule Jadotville mu 1952. Weka ekutere mu masikio, si bafle (spika), na fuata kidole gumba tu: iko chini, inatembea bila kusimama, haina haraka. Kisha rudia mwanzo, sasa fuata kile kidole kingine, kinaimba yake juu. Ni gitare moja na mutu moja. Mi kila mara minatafuta mutu wa pili na hayupo. Kwa nyimbo za orkestre fanya vilevile, chagua gitare moja ufuate mpaka mwisho, mi minapenda mi-solo, ile ya katikati yenye hakuna mutu anasifuaka.

Za leo nazo nazipenda, musinielewe mubaya. Tia ya RJ Kanierra mu 2023 ilinifurahisha juu ni mwana wa hapa na ilitoka ikaenda mbali. Yope ya Innoss'B wa Goma, ile remix na Diamond Platnumz ya 2019, mpaka leo inasimamisha batu. Yenye inanikasirisha ni mabanga, ile kuita majina ya batu mu wimbo. Mutu anaimba mapendo, katikati anaita boss fulani wa mine, kisha dada fulani wa Paris, kisha tena boss. Miaka kumi ikipita hakuna mwenye atajua bale batu ni nani, na wimbo itazeeka juu yao.

Mpango wa fete: Bosco na Edouard Masengo, naye mupiga gitare wa Katanga, uweke wakati batu banakula bukari, sauti chini. Usiziweke nyuma ya amapiano, ile miziki ya kucheza ya Afrika ya Kusini, utaziua. Batu bakisha kusimama, weka mbili za leo, kisha ruka moja kwa moja ku sebene ya Mangelepa ao ya Tabu Ley, usianzie mwanzo, hapo njo utaona bana banauliza hii ni ya nani. Kuruka kwa fete inaruhusiwa, kwa kusikiliza nyumbani hapana. Pakua zote usiku wakati mega za internet ziko bei ya chini, chaji bafle mapema juu kuran (umeme) haitoaka taarifa.

Na ukituma mu groupe ya famii, andika jina ya mwimbaji, orkestre, mwaka kama unaujua, sehemu zote mbili pamoja. Hakuna kutuma «Audio 0047» yenye ulirekodi karibu na bafle, batoto banalia nyuma na mbwa wa jirani anaitikia.